Peptidi za kutunza mishipa ya damu: ziuzwe kwetu Zanzibar au zizuiwe?

Mwenye mada, Michenzani

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naleta mada, na msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami anijibu kwa hoja.

Nimeonyeshwa kichupa cha kioo, urefu wake hauzidi kidole gumba. Mdomoni kina kizibo cha mpira kilichobanwa kwa bati, na kwenye kitako kuna unga mweupe uliogandana. Karatasi yake inasema kwa Kiingereza kuwa ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Muuzaji anasema vingine: tia maji yake, jichome chini ya ngozi ya tumbo, mishipa inafunguka, presha inashuka, uzee unarudi nyuma. Anaowalenga ni watu wa miaka 50 kwenda juu, ambao kila mmoja kashamuona ndugu au jirani upande mmoja wa mwili umelala.

Kwanza tukipe kitu chenyewe haki yake. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini, na mwili wenyewe unatengeneza peptidi chungu nzima. Insulini ni peptidi ya asidi amino 51, na tangu 1922 inaokoa roho za wagonjwa wa sukari. Oksitosini, anayochomwa mama asivuje damu baada ya kujifungua, nayo ni peptidi. Kwa hiyo sina ugomvi na peptidi kwa jina lake.

Ugomvi wangu ni na hizi zilizoishia maabara. Moja, iitwayo BPC-157, ina asidi amino 15. Sehemu kubwa ya tafiti zake ni za panya, na nyingi zimetoka kwa kundi moja la watafiti wa Zagreb, Croatia. Vesugen, inayonadiwa kwa ajili ya mishipa hasa, ni asidi amino tatu tu, nayo imetoka Urusi, kwenye kazi za marehemu Vladimir Khavinson wa Saint Petersburg. Wazo lililo nyuma yake si la kipuuzi. Ndani ya mshipa wa damu kuna utando wa seli wa safu moja, endotheli, na utando huo hutoa nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa ili damu ipite bila shida. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapatia wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Presha, sukari, sigara na umri huuchosha utando huo, na atakayepata cha kuuamsha kapata jambo kubwa. Lakini mpaka leo hakuna aliyechukua watu maelfu, akawagawa kwa kura, hawa wakachomwa peptidi hizi na wale maji matupu, akawafuata miaka na kuhesabu nani kapata kiharusi.

Msimamo wangu: zisiuzwe. Anayezitaka Zanzibar azilete kama utafiti wa kweli, wenye kibali na wenye mtu wa kubeba dhamana. Semeni nanyi.

Mfanya mazoezi, Amani

Waalaykum salaam kaka. Mie natumia BPC-157 kwa goti, nasema wazi, na ngazi nilizokuwa nazipanda kwa kushika ukuta sasa nazipanda vizuri.

Umetaja insulini. Yule kijana wa Toronto, wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922, nani alimsubirisha utafiti wa miaka kumi? Alikuwa anakufa, wakamchoma. Halafu nambie nani atagharimia huo utafiti wako. Mnyororo wa asidi amino tatu hakuna kampuni itakayouhodhi, basi hakuna atakayetoa mamilioni kuujaribu. Ukiniambia nisubiri, unaniambia nisubiri milele. Na hapa hapa kwetu tunapigwa hijama, tunakunywa habasoda, tunafukizwa. Nani kadai kura na hesabu? Mwaka 2011 watu walikwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wakubwa nao walikwenda.

Mkizuia zitaingia ndani ya mabegi, bandarini na uwanja wa ndege, na hapo ndipo hakuna atakayejua kilichomo. Bora ziuzwe dukani, zikaguliwe.

Muuguzi, Mkoani

Mdogo wangu wa Amani, mie nitazungumzia sindano tu, maana ndiyo kazi yangu. Habasoda inapita tumboni, na tumbo lina ulinzi wake. Sindano inaruka ulinzi wote huo.

Wauzaji wanaonyesha karatasi ya maabara iliyoandikwa usafi asilimia 99. Karatasi ile inapima kemia: kwamba peptidi iliyomo ndiyo yenyewe na mabaki ya peptidi nyingine ni machache. Haisemi kitu juu ya vijidudu. Wala haisemi juu ya endotoksini, sumu ya kwenye kuta za bakteria inayobaki hata bakteria wenyewe wakishakufa. Hiyo huitoi kwa kuchemsha, na chujio la kuzuia vijidudu inalipita. Ikiingia mwilini kwa wingi mtu anapandwa na homa, anatetemeka, presha inaporomoka. Dawa ya sindano ya hospitali lazima ipimwe kitu hicho kabla ya kutoka kiwandani. Unga wa utafiti hakuna anayemlazimisha muuzaji kuupima.

Kuna na maji. Yanatakiwa maji maalumu ya sindano yenye kizuia vijidudu, na ukishachanganya, kichupa kikae kwenye friji. Umeme ukikatika usiku kucha, nani atakitupa kitu alichokinunua kwa pesa nyingi?

Linaloniuma zaidi ni vidonge. Mtu akishaanza kujichoma anaona vya hospitali ni vya kizamani. Nilimpima mama mmoja aliyeacha amlodipini, kidonge chake cha presha, kwa sababu alikuwa na hiyo sindano. Kipimo kilisoma 200 kwa 115. Alikaa pale kwenye benchi, mkoba mapajani, ananambia hana hata kichwa kinachomuuma na ana haraka ya kurudi kupika. Nilirudia kupima mkono wa pili, hali ile ile.

Mstaafu, Kikwajuni

Wanangu, nyote mnazungumza kama watu wenye wakati. Mie pensheni jamii napokea tangu ilipoanza mwaka 2016, kwa hiyo miaka 70 nimeshaiacha nyuma. Mwenzangu niliyekuwa nikicheza naye bao kila alasiri sasa analishwa na mkewe, na ulimi mzito. Vidonge nameza kila asubuhi, na bado nalala na khofu.

Mwenye mada anataka utafiti wa miaka kumi. Miaka kumi hiyo mie kaniahidi nani? Mwenye uwezo anapanda ndege, anakwenda kuchomwa anachotaka, hakuna anayemuuliza. Mkiniambia haijathibitishwa, nakubali. Mkinikataza, mnanikataza kwa haki gani?

Mfamasia, Darajani

Kwa ufupi. Mzee wangu, anayelengwa na sheria ni muuzaji. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar husajili dawa kabla haijauzwa, na huyu wa vichupa hajasajili chochote. Anakunadia kwa mdomo, anakukana kwa maandishi: siku ukidhurika, karatasi yake inasema alikwambia si kwa binadamu. Ndugu wa Amani, kama unacheza mashindano yoyote ujue BPC-157 imo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni tangu 2022.

Mwenye mada, Michenzani

Shikamoo mzee wangu wa Kikwajuni. Swali lako ni zito kuliko yote yaliyosemwa hapa, na silipiti kando.

Kampuni ya Pfizer ilikuwa na dawa ya mishipa, kidonge si peptidi, ikiitwa torsetrapibu. Ilipandisha mafuta mazuri ya damu kwa zaidi ya nusu, na kwa kipimo hicho kila mtu angesema ni heri tupu. Wakaijaribu kwa watu wapatao 15,000, nusu wakapewa na nusu hawakupewa. Desemba 2006 jaribio likasimamishwa, kwa kuwa waliopewa walikuwa wanakufa zaidi. Fikiria ingeuzwa tu mitaani, mzee. Mtu wa miaka 65 akianguka na moyo wake, sisi tungesema siku zake zimefika, tukazika, na jirani yake angeendelea kuimeza. Kilichofichua ni kuhesabu pande mbili. Kwa hiyo nikikukinga na muuzaji, ninachokikinga ni hiyo hiyo miaka michache unayoiogopea.

Na BPC-157 ina swali lake. Kwa panya inachochea mishipa mipya kuota, jambo jema kwenye kidonda. Lakini tangu 1971 daktari Judah Folkman wa Marekani alieleza kuwa uvimbe wa saratani nao hauwezi kukua bila kujiotea mishipa ya kuulisha. Mtu wa miaka 70 anaweza kuwa na kiuvimbe kilicholala asichokijua. Sisemi BPC-157 inaleta saratani, hilo halijathibitishwa. Nasema swali hilo lijibiwe kabla ya kuwachoma wazee.

Kaka wa Amani, kijana wa Toronto alikuwa na miaka 14 na alichomwa hospitalini, madaktari wanampima. Sindano ya kwanza, tarehe 11 Januari, haikumfaa, ilimwachia jipu kwa kuwa dawa haikuwa safi. Wakasimama, mwanakemia wao Collip akaisafisha, wakamchoma tena tarehe 23. Sasa huyo muuzaji wako, jipu likitoka, atasimama na nani?

Kwenye gharama una haki, kampuni hazitalipa. Ndiyo maana nasema iwe kazi ya umma, na mazoea tunayo. Pemba pale Wawi ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofanya majaribio ya dawa za minyoo kwa miaka. Watu wa Pemba wanajua kusomewa fomu, kuuliza, kukataa, na kujitoa katikati bila kuulizwa sababu. Kwenye mabegi pia hukukosea, yataingia tu. Lakini ukikiweka kichupa kwenye rafu ya duka la dawa, umeshamwambia mzee wetu kwamba kuna aliyekikagua, na hajakikagua mtu.

Mzee, umesema unameza vidonge kila asubuhi. Ukipimwa inasoma ngapi? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba kati ya watu wazima watano wenye presha, ni kama mmoja tu ambaye presha yake imedhibitiwa. Wengine dozi haiwatoshi, wengine wanahitaji dawa mbili pamoja. Na chumvi: kiwango chao ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na sisi ng'onda tunapika bila kuiroweka vya kutosha, halafu tunaonja mchuzi na kuongeza.

Mstaafu, Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Mara ya mwisho ilisoma 158 kwa 94. Nitakwenda nipimwe tena, niulize hiyo dawa ya pili. Lakini juu ya haki yangu umenijibu nusu. Hiyo torsetrapibu ilijulikana kwa kuwa kulikuwa na watu 15,000 waliokubali kujaribiwa. Ukiuleta huo utafiti wako Unguja, usiniwekee ukomo wa umri.

Mama wa nyumbani, Wete

Samahanini nimeingia kati. Mume wangu anacho kichupa hicho, kimo kwenye friji, kimeshachanganywa na kashajichoma. Nifanye nini?

Muuguzi, Mkoani

Dada yangu, asiendelee. Kichupa msikitupe; akichukue pamoja na karatasi yake aende nacho kituo cha afya, aseme kajichoma nini na kiasi gani, bila kuona haya. Kama ana vidonge vya presha au vya sukari, asiviache hata siku moja. Akipandwa na homa ya kutetemeka, au pale alipojichoma pakavimba na kuwa pa moto, msingoje asubuhi.