Rauta ya zamani ya CNC: GRBL, LinuxCNC au kontrola ya mkononi?

Seremala_Mbuni
Wakuu habari zenu. Nimepata rauta ya CNC ya mbao (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta), ya zamani, imekaa miaka bila kuwashwa. Chuma chake kizuri sana, reli hazina kutu, daraja (fremu inayobeba kikataji juu ya meza) ukilisukuma kwa mkono linateleza laini mwanzo hadi mwisho. Kompyuta yake ndiyo imekufa. Nataka kubadilisha kontrola, yaani kinachoziamuru mota, na nimebakiza njia tatu: GRBL (programu ya bodi ndogo), LinuxCNC (programu ya kompyuta), au ile kontrola ya mkononi inayosoma flashi bila kompyuta. Naagiza wiki hii. Ipi bora?

Spana17
Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Mota ni stepa (zinazokwenda hatua kwa hatua) au sevo (zinazojirekebisha kwa kupima zilipo)? Draiva, vile vifaa vinavyozipa mota umeme, zimeandikwa nini? Kuna skrubu za gololi au reki yenye meno? Daraja linasukumwa na mota moja au mbili? Na hiyo kompyuta iliyokufa ilikuwa na kadi gani ndani? Fungua kabati utuletee majibu kabla hujatoa hela yako. Kontrola huchaguliwa kwa kuangalia draiva na mota.

MzeeWaRilei
Chukua ya mkononi, mjadala uishe. Mimi natumia RichAuto A11. Faili liko kwenye flashi, unachomeka, unaweka sifuri, unabonyeza, kazi inaanza. Hakuna Windows wala kusubiri kompyuta iwake. Karakana ina vumbi la mbao kila kona, kompyuta ya nini humo?

BintiWaya
Shikamoo mzee. Hiyo A11 ni nzuri kwa kazi inayojirudia, sikatai. Ila ukitaka kuongeza kitu nje ya walivyokupangia, kwa mfano kipimo cha urefu wa biti (kisu kinachokata) au kulinyoosha daraja kwa swichi mbili, unategemea kama mtengenezaji alikikumbuka. LinuxCNC unaipanga mwenyewe. Kazi yake ilianzia NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, miaka ya 1990 kwa jina la EMC, na hadi leo watu wanaiendeleza. Mweke kadi ya Mesa ya waya wa mtandao, mipigo (ishara za kuzisogeza mota) itoke kwenye kadi, kompyuta ibaki na kazi ya kupanga njia tu.

MzeeWaRilei
Marahaba. Lakini mwenzetu ni seremala, anataka kukata mbao. Unampeleka kuhariri mafaili ya HAL, yaani ya mipangilio ya LinuxCNC, usiku kucha.

Kifundo
Na GRBL je? Ni ya bure, bodi ni ndogo, unatuma G-code (maagizo ya mwendo) kwa USB. Mashine yangu ya meza ndogo inaendeshwa na Arduino Uno na inakata vizuri kabisa.

Spana17
Kifundo, kwa meza ndogo sawa. Tupige hesabu. Mota ya stepa ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikigawanya kila hatua mara 8 unapata 1,600. Tuseme skrubu inasogeza mm 5 kwa mzunguko: hapo ni mipigo 320 kwa kila mm. Ukitaka mwendo wa mita 6 kwa dakika, ambao ni mm 100 kwa sekunde, unahitaji mipigo 32,000 kila sekunde. GRBL kwenye Uno inaishia kwenye 30,000 hivi. Unaweza kushusha mgawanyo uwe 4, lakini mota itanguruma zaidi kwenye mwendo mdogo. Anayependa GRBL kwa mashine kubwa aende grblHAL, toleo la GRBL la bodi zenye nguvu zaidi, kwenye bodi ya Teensy 4.1, hapo kasi ya mipigo haitamsumbua.

Seremala_Mbuni
Samahani kwa kuchelewa, nimefungua kabati. Mota zote zina waya 4. Draiva zina alama za PUL (mpigo), DIR (mwelekeo) na ENA (kuwasha). Urefu na upana ni reki, kupanda na kushuka ni skrubu ya gololi. Daraja lina mota mbili, kila upande moja. Kwenye kompyuta kuna kadi ya PCI ya NcStudio, programu iliyokuwa ikiendesha mashine. Spindo (mota inayozungusha biti) inaendeshwa na inveta, kifaa kinachodhibiti kasi yake.

Spana17
Sasa tunaongea. Hizo ni stepa, na draiva za PUL na DIR zinapokea kontrola yoyote iliyotajwa hapa. Kwenye reki hesabu inategemea meno ya pinioni (gia ndogo inayotembea kwenye reki) na kama kuna gia katikati, kwa hiyo yahesabu.

Ila kuna njia ya nne ambayo hukuitaja: tafuta kompyuta yoyote ya zamani yenye nafasi ya PCI, weka kadi hiyohiyo, uone kama mashine inatembea. Ikitembea utajua mota, draiva na nyaya ni nzima. Ukifunga kontrola mpya kwenye mashine usiyoijua, likitokea tatizo hutajua ulaumu kipi.

Kifundo
Au Mach3, programu ya CNC ya Windows, kwa poti ya printa ya pini 25?

BintiWaya
Draiva ya poti hiyo kwenye Mach3 inataka Windows ya biti 32, na inaishia Windows 7. Ukiwa na Windows ya biti 64 lazima ununue bodi ya nje. Kama unanunua bodi, kwa nini usinunue ya mfumo ambao bado unaendelezwa?

Kifundo
Bado watu wengi sana wanaitumia kila siku na wanapata riziki yao.

BintiWaya
Wenye nayo tayari waendelee. Huyu anaanza upya.

Gogo_Kavu
Wakuu, mnabishana programu na hakuna aliyegusa kitufe cha dharura. Nitasimulia kwa urefu, naomba mvumilie.

Karakana niliyokuwa nafanya kazi, mwenye nayo alimleta fundi abadilishe kontrola ya rauta kama hii. Kazi ilionekana safi, nyaya zimenyooka, kabati linapendeza. Kitufe chekundu alikiunganisha kwenye ingizo la bodi peke yake. Kwa maana hiyo ukibonyeza, unaiomba programu isimamishe mashine. Siku moja tunakata ubao mnene wa mninga, kompyuta ikaganda katikati ya kazi. Daraja likasimama, spindo ikaendelea kuzunguka kwa kasi ileile ndani ya mbao. Biti ikaanza kuchoma, moshi ukapanda. Mwenzangu akabonyeza kitufe, hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Inveta haikuwa na habari, kwa sababu aliyetakiwa kuipa habari ndiye aliyeganda. Biti ikakatika na kipande kikapita karibu na uso wake kikagonga ukuta. Ilibidi nikimbie hadi swichi kubwa ya ukutani.

Baadaye fundi mwingine aliweka kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme): kitufe kinakata umeme wa draiva na inveta moja kwa moja, na bodi inapewa taarifa tu. Swichi za mwisho nazo aliziweka zile ambazo kwa kawaida umeme unapita ndani yake, ili waya ukikatika mashine isimame. Seremala, ununue A11, ununue Mesa, hilo lifanye kwanza.

MzeeWaRilei
Pole sana Gogo. Hili naliunga mkono kwa asilimia 100, hata kwa ya mkononi.

BintiWaya
Naongeza kuhusu inveta. Imekaa miaka, kapasita zake za ndani zimelala. Usiipe umeme kamili ghafla. Ipandishe taratibu kwa variaki (transfoma ya kupandisha volti kidogo kidogo) kama unaweza kuipata. Na ukishaizima usiingize mkono mara moja, ndani inabaki volti zaidi ya 300 kwa dakika kadhaa. Waya wa spindo uwe na wavu wa kinga uliofungwa ethi, upite mbali na nyaya za swichi. Inveta inapiga kelele ya umeme, na kontrola inaona swichi imeguswa wakati hakuna kilichoguswa.

Seremala_Mbuni
Nashukuru wote. Nimeazima kompyuta yenye PCI na kadi imesomeka. Mota moja ya daraja inatetemeka tu, haizunguki. Nyingine ni nzima. Mota imekufa?

Spana17
Si lazima. Mara nyingi koili moja haipati umeme. Zima kila kitu, subiri, ndipo uchomoe mota. Kuichomoa mota draiva ikiwa na umeme kunaweza kuiua draiva. Pima ukinzani wa jozi mbili za waya kwa mita, zinatakiwa zilingane. Zikiwa sawa, badilishana draiva za pande mbili. Tatizo likihama, ni draiva. Likibaki, kagua waya unaopita kwenye mnyororo wa kubebea nyaya, huwa unakatikia ndani bila kuonekana nje. Na usiliendeshe daraja kwa mota moja, litapinda.

Kifundo
Kwa hiyo kama kadi ya zamani inafanya kazi, bado ataagiza kontrola?

MzeeWaRilei
Kadi hiyo siku ikifa ataipata wapi? Aagize.

BintiWaya
Aagize, ila asikimbilie. Daraja la mota mbili linataka kontrola inayoweza kutafuta sifuri kila upande peke yake. LinuxCNC na grblHAL zinaweza. Mzee, ya kwako inafanya hivyo?

MzeeWaRilei
Yangu ina mota moja ya daraja, sijawahi kuhitaji. Seremala, hiyo spindo yako inapozwa kwa maji au kwa hewa?