Revolver yenye nyimbo 11: je, ina kasoro?

Swali, kutoka Area C, Dodoma: Ndugu zangu, mjomba ameniachia santuri ya Revolver ya The Beatles yenye nyimbo 11, ilhali rafiki yangu anayeishi mtaa wa Kikuyu anayo yenye nyimbo 14. Je, yangu ina kasoro?

Jibu: Haina, ndugu. Hilo ni toleo la Marekani la mwaka 1966, ambalo kampuni ya Capitol iliondoa nyimbo 3 za John Lennon, mmoja wa wanabendi, kwa kuwa ilikwisha kuzitoa katika albamu ya Yesterday and Today. Hivyo Lennon anabakiwa na 2 tu, jambo ambalo kwangu linapotosha albamu nzima.

Jibu: Naafiki. Hata hivyo, toleo la Marekani la albamu ya Aftermath ya bendi ya The Rolling Stones hufunguliwa na Paint It Black, wimbo usiokuwamo katika lile la Uingereza, na hilo sibadilishani na mtu.