Vipande vinajikunyata ikifika mchana, mikrotomu mbovu au kitu gani?

mkaazi_ungujaukuu: Asalamu aleikum wenzangu wa maabara za tishu. Nakata tishu za wagonjwa zilizomo ndani ya bloki za nta, kwa mikrotomu ya kuzungusha (mashine ya kukatia vipande vyembamba sana), nimeseti maikroni 4 (elfu nne za milimita), asubuhi riboni, yani vipande vilivyoungana kama utepe, inatoka ndefu imenyooka lakini ikifika saa sita na joto hili la kaskazi vipande vinajikunyata kwenye makali ya bledi, vyengine vinene vyengine vyembamba, na vya matiti ndo kabisa vinatoboka. Mara nyengine naona na mstari wima toka juu mpaka chini. Wenzangu wanasema aitwe fundi, mie bado siamini. Nyie mnafanyaje?

wa_chakechake: Waalaykum salaam. Kama asubuhi inakata vizuri muacheni fundi kwanza, hiyo nta imelainika. Inayeyuka kwenye nyuzi 56 hivi, sasa chumba kikipita 30 haina ugumu wa kuishika tishu na bledi inaisukuma badala ya kuikata. Ukishaichonga bloki mpaka tishu yote imetokeza, ilaze kifudifudi juu ya barafu inayochuruzika maji, dakika kumi hivi, ipate ubaridi na ivute maji kidogo. Usiitie kwenye friza, nta itapasuka. Ukiifunga kwenye mashine vipande viwili vitatu vya mwanzo tupa, mana bloki baridi ikipata joto inatanuka na kipande kinatoka kinene kuliko ulivyoseti. Gurudumu lizungushe taratibu, kasi moja. Na mkiagiza nta tena ulizieni ile inayoyeyuka kwenye nyuzi 58 mpaka 60, kwa joto letu ndo inafaa.

binti_mjini: Hapo kwenye barafu namuunga mkono lakini matiti barafu peke yake haitoshi dada, tatizo linaanza kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu isioze. Kipande cha tishu kikikatwa kinene kabla ya kutiwa nta dawa haifiki ndani, mafuta hayatoki, nta nayo haina pa kuingia. Kikate kisizidi milimita 3 na ukiache kwenye formalini muda wa kutosha, usikubali kuharakishwa. Huo mstari wima sogeza bledi pembeni, ukitoweka bledi ilikuwa na pengo, ukibaki tazama kama ndani mna uzi wa kushonea au chokaa. Vinene na vyembamba kaza komeo zote, ya bloki na ya bledi.

mkaazi_ungujaukuu: Ahsanteni sana, komeo ya bledi kweli inacheza cheza. Na maji ya moto ya kutandazia vipande kabla ya kuvipandisha kwenye slaidi mnaweka nyuzi ngapi?

wa_chakechake: 40 mpaka 45, yakizidi tishu inatawanyika. Lakini ndugu yangu kila ukimaliza bloki moja pangusa uso wa maji kwa karatasi laini, usichoke, kipande cha mgonjwa mwengine kikipanda kwenye slaidi mtu anaweza kuambiwa ana saratani si yake. Na kabla mkono haujakaribia bloki funga gurudumu na ufunike bledi, kila mara, hata kama unatoa uzi mmoja tu wa nta kwa brashi.