Jina la amigdala lilitoka wapi, na kwa nini mipaka yake haifanani vitabuni?

Mwanafunzi_wa_Neva

Salaam kwenu nyote. Ninasoma kuhusu amigdala, ile sehemu iliyofichika ndani ya ubongo usawa wa panja, mbele kidogo ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kitabu kimoja kinaichora kama kitu kimoja chenye umbo la lozi. Kingine kinaigawa katika viini, yaani makundi ya seli za neva, kumi na vitatu hivi, ambavyo baadhi yake, kwa jicho langu, havikaribii hata kidogo umbo hilo. Ni nani aliyeipa jina, na ilikuwaje mipaka ikapanuka ilhali jina limebaki lilelile?

Mzee_Makavazi

Aliyeipa jina ni Karl Friedrich Burdach, mwanaanatomia wa Kijerumani aliyefundisha Königsberg, katika kitabu chake cha juzuu tatu kuhusu ubongo kilichotoka kati ya 1819 na 1826. Zama hizo rangi za kutofautisha seli za neva zilikuwa bado hazijavumbuliwa. Ubongo ulikazwa kwa alkoholi, ukakatwa kwa kisu, na jicho ndilo lililoamua wapi kitu kimoja kinakoma na kingine kinaanza. Burdach aliona bonge la kijivu lililojitenga na nyuzi nyeupe zinazolizunguka, akalifananisha na lozi, ambayo kwa Kigiriki ndiyo hiyo amigdala. Neno lenyewe halikuwa geni katika tiba, kwa kuwa mafindofindo ya koo nayo yaliitwa hivyo, na Wafaransa wanayaita hivyo hadi leo. Kwa hiyo ukikutana nalo katika maandishi ya kale, hakikisha kwanza kama mwandishi yumo kooni au kichwani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba lozi ya Burdach ni ndogo kuliko amigdala ya leo. Aliyoieleza yeye inalingana na kundi la viini ambalo sasa linaitwa basolaterali, yaani la chini na pembeni, basi.

Daktari_Msomaji

Ninaongezea hapo alipoishia Mzee. Upanuzi uliotia fora ni ule wa J. B. Johnston mwaka 1923, aliyelinganisha ubongo wa wanyama wengi wenye uti wa mgongo, akaingiza chini ya jina hilo viini vya kati, vya ndani na vya gamba (tabaka la nje la ubongo), vilivyopakana na lozi ya Burdach. Kwa maoni yake hivyo ndivyo vya kale zaidi, vyenye uhusiano na hisi ya kunusa, na kundi la basolaterali lilikuja baadaye katika mageuko ya viumbe. Tangu hapo jina lilikuwa limekwisha kuacha kueleza umbo. Hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu viini visivyofanana na lozi: havikuwahi kuwa sehemu yake.

Mzee_Makavazi

Nakubali, Daktari, ila wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 Swanson na Petrovich walidai kwamba amigdala si kitu kimoja hata kidogo, si kwa muundo wala kwa kazi. Kwao, kundi la basolaterali ni mwendelezo wa gamba la ubongo, na viini vya kati na vya ndani ni vya ukoo wa striatamu, yaani viini vikubwa vilivyo chini ya gamba. Mimi naona hoja yao ina nguvu, ingawa sitarajii mtu yeyote aache kulitumia jina.

Mwanafunzi_wa_Neva

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Swali moja limebaki: ikiwa mipaka huonekana kwa hadubini tu, wanaopiga picha ubongo wa mtu aliye hai wanaichoraje?

Daktari_Msomaji

Wengi wao huikadiria. Mwaka 2005 Katrin Amunts na wenzake walitoa ramani iliyotokana na ubongo wa watu 10 waliofariki: kila mmoja ulikatwa vipande vyembamba, ukatiwa rangi, mipaka ikafuatwa kwa mpangilio wa seli, kisha yote ikawekwa katika nafasi moja. Ramani hiyo haina mstari mmoja wa mpaka. Kwa kila nukta inakuonyesha ni katika bongo ngapi kati ya hizo 10 ilikuwa ndani ya kundi fulani la viini. Kwa hiyo ukiona picha yenye mpaka mkali, uliza kwanza ni kiwango gani cha uwezekano kilichotumiwa kuuchora.