Naomba ushauri: mama bado anachaji simu ya marehemu baba

Habari zenu wanajamvi. Naombeni mnisaidie mawazo, maana mimi nimekwama.

Baba alifariki ghafla miezi 5 iliyopita. Msiba ulipoisha watu wakatawanyika, tukabaki mimi na mama. Wiki za mwanzo alilia sana, nikaelewa. Sasa halii kabisa, na hicho ndicho kinachonitisha zaidi. Kila jioni anachomeka simu ya baba kwenye chaji, anafuta kioo chake kwa upindo wa gauni, kisha anailaza upande wa baba kitandani. Hakuna anayepiga. Usiku analala masaa mawili, matatu, na nguo zimeanza kumpwaya.

Nilijaribu kumwambia "jikaze mama", akaninunia siku nzima. (Najuta. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo msibani nikachukia.) Nikamwita shangazi, wakaongea kila kitu isipokuwa baba. Nikimtaja baba tu, mama anainuka na kutoka. Mshauri nasaha amemkataa katakata: "Mimi siyo mgonjwa."

Maswali yangu ni mawili. Ile simu niiache tu, au kuna namna ya kuigusia bila kumtonesha? Na ninyi mliowahi kuishi na mfiwa, mlijuaje kwamba sasa siyo huzuni ya kawaida tena, inahitaji daktari, na mlimshawishije akakubali kwenda?

Semeni hata yale ambayo sitapenda kuyasikia. Asanteni.