MJADALA: Waroma na magazeti ya Ulaya, eti wa kushoto wanawatetea?

Wadau, kuna hoja naikuta kila mahali kwamba wanaowachafua Waroma (sio watu wa mji wa Roma wala Wakatoliki, ni lile kabila la wachache lililotawanyika Ulaya) kwenye habari ni vyombo vya mrengo wa kulia tu, wa kushoto wao wanawatetea. Mi nakataa, na mfano wangu ni Ufaransa.

Mwaka 2010 Sarkozy, rais wa Ufaransa wakati huo, aliamuru kambi zao zibomolewe, baada ya fujo za Grenoble na Saint-Aignan, miji ya hukohuko Ufaransa. Sasa yule kijana aliyepigwa risasi na jandarma (askari polisi) Saint-Aignan alikuwa Mfaransa kabisa, wa zile familia zinazoishi kwenye karavani, hahusiani chochote na wahamiaji Waroma wa Romania na Bulgaria, ila ndo hao waliopakiwa kwenye ndege, mtu mzima akipewa yuro 300 mtoto 100, na serikali inasema wameondoka kwa hiari. Wa kulia wakaandika uhalifu na uchafu. Wa kushoto wakawaka, hasa ule waraka wa serikali wa tarehe 5 Agosti, wa kuagiza kambi zibomolewe, ulipovuja, umewataja Waroma kwa jina! Hapo nawapa haki yao.

Ila 2012 wasoshalisti wakaingia madarakani na kambi zikaendelea kubomolewa vilevile. Septemba 2013 Valls, waziri wa mambo ya ndani wa chama hichohicho, akasema ni familia chache tu zinazotaka kuishi kama wenzao. Mwezi uliofuata binti wa Kiroma wa miaka 15 akachukuliwa akiwa kwenye safari ya shule, akapelekwa Kosovo, wanafunzi wakaandamana Paris, na ndani ya siku chache habari ikawa ni Valls na rais wake Hollande, nani kapanda nani kashuka. Binti mwenyewe akawa kisingizio tu.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni hiki: mpaka mwisho wa 2013 Mromania au Mbulgaria alihitaji kibali maalum kuajiriwa Ufaransa, hata kama nchi yake iko Umoja wa Ulaya tangu 2007. Sasa mtu kama huyo asipookota vyuma chakavu au kuomba barabarani atakula nini?? Hilo lilitakiwa liwe aya ya kwanza ya kila habari, lakini anayehojiwa ni meya, jirani aliyekasirika, au mtu wa shirika la misaada, mama wa Kiroma yeye anapigwa picha amesimama mbele ya takataka basi.

Kwa hiyo wewe unayesema kushoto wanawatetea, nitajie Mroma mmoja waliyempa nafasi aeleze sheria ya kazi ilivyombana, sio kuonyeshwa akitoa machozi kambi ikivunjwa.