Dawa za presha zimfuate mgonjwa kijijini: mhudumu wa afya wa jamii aruhusiwe kuzigawa

Wanajamvi, naomba tulijadili hili kwa kina, maana sisi tunaoishi mijini tumezoea kuiongelea presha kama vile kila Mtanzania ana duka la dawa nyuma ya nyumba yake.

Msimamo wangu ni huu: mgonjwa wa presha wa kijijini ambaye tabibu ameshamwona, akamwandikia dawa na presha ikatulia, aletewe dawa hizo na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na huyo mhudumu ampime kila anapofika. Asifunge safari ya hospitali ya wilaya kila mwezi kufuata vidonge vilevile. Najua wauguzi na matabibu wengi hawaliafiki hili, na sababu zao si za kupuuzwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vijijini kwetu, presha ya kupanda ni chanzo kikubwa cha balaa hilo. Moyo unasukuma damu kwa nguvu miaka nenda rudi, msuli wake unakuwa mnene, mwisho unapanuka na kuchoka. Au mshipa unapasuka kichwani, mtu anaamka asubuhi mkono na mguu wa upande mmoja havisikii. Na huyo, kwenye familia nyingi, anapelekwa kwanza kwa mganga, inasemekana katupiwa kitu. Presha yenyewe haikuwahi kumuuma, ndiyo maana hakuna aliyeishughulikia.

Mama yangu mdogo analima mpunga mkoani Morogoro. Aliandikiwa amlodipine, kidonge kimoja kila siku. Nilipokwenda kumsalimia nikakuta vidonge vimefungwa kwenye pindo la khanga, nusu havijaguswa. Akaniambia, "Mwanangu, hivi naviweka akiba. Nikisikia kichwa kinagonga ndiyo nameza kimoja." Mtu akisema huo ni ujinga, mimi sikubali. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa yenyewe, na wakati wa palizi siku moja ikipotea imepotea. Anabana matumizi kama anavyobana sukari na mafuta ya taa. Hata akiwa na kadi ya bima, bima hailipi bodaboda.

Sasa nije kwa wanaopinga. Wapo wanaosema elimu kwanza, dawa baadaye: watu wapunguze chumvi, waache sigara, wafanye mazoezi. Kwenye chumvi niko nao bega kwa bega. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Kijijini chumvi nyingi haitoki kwenye vyakula vya paketi, inatoka mkononi mwa mpishi na kwenye samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ambaye ndiye kitoweo ambacho mtu anakimudu. Kwa hiyo usimwambie mama aache ng'onda. Mwambie amroweke, amwage maji, kisha asiongeze chumvi kwenye mchuzi. Elimu ya namna hiyo anaitoa mhudumu akiwa jikoni kwa mtu. Lakini hayo mazoezi tunamhubiria nani? Mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri? Na aliyefika 180 kwa 110 hashuki kwa semina, anahitaji kidonge leo na kesho.

Hoja nzito ni ile ya usalama: mhudumu amesoma miezi michache tu, atakosea. Tuliangalie hilo kwa karibu. Kupima presha kunakosewa hata hospitalini. Mzee kapanda kilima kwa miguu, hajapumua, mkanda unafungwa juu ya sweta, anapimwa huku anajibu maswali. Namba inayotoka hapo haina maana. Anatakiwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono uwe usawa wa moyo, kisha apimwe tena. Huo ni utaratibu ambao mtu makini aliyemaliza kidato cha nne anaufuata bila tatizo.

Kwenye dawa ndipo ninapotaka mipaka iandikwe na isivukwe. Enalapril, dawa nyingine ya presha, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa abaki mikononi mwa tabibu. Amlodipine huvimbisha miguu, na miguu kuvimba ni dalili ya moyo kushindwa kazi pia. Mhudumu asijipe kazi ya kutofautisha, aandike rufaa. Asianzishe dawa, asibadilishe dozi. Na ile sindano ya penisilini wanayochomwa kila wiki tatu au nne watoto ambao mafindofindo yaliwaachia ugonjwa wa moyo, hiyo ibaki zahanati kwa sababu ya hatari ya mzio. Hapo sitaki mjadala.

Wenzetu wamejaribu. Vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka wahudumu waliwatembelea watu wenye presha kila miezi mitatu, wakawapima na kuwashauri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa pointi 5 zaidi kuliko kwa wasiotembelewa. Ni kweli kule dawa ziliandikwa na madaktari, lakini nami siombi kinyume cha hapo. Vijijini Golestan, Iran, watu walipewa kidonge kimoja chenye dawa nne ndani yake, na baada ya miaka 5 shambulio la moyo, kiharusi na majanga mengine ya aina hiyo yalipungua kwa takriban theluthi moja.

Na hapa kwetu si jambo geni. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa nyumbani chini ya uangalizi wa ndugu yake. Anayetumia ARV na hali yake ni nzuri anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa nini wa presha peke yake ndiye asafiri kila mwezi?

Malipo ya wahudumu sitayaongelea sana. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Wakikopwa posho, wataacha kazi, na hapo hakuna cha kubishania.

Kinachoweza kuivunja hoja yangu ni rafu ya zahanati. Ikiwa tupu, mhudumu atafika na mashine mkononi bila kidonge, na mgonjwa atatajiwa namba ya kumtisha bure. Kwa hiyo nataka kuwasikia mnaofanya kazi zahanati za vijijini kuliko wengine wote: mzigo wa dawa ukishafika, za presha zinadumu muda gani kabla hazijaisha? Na kama nyinyi ndio mngeandika hiyo mipaka, mngemruhusu mhudumu abebe dawa zipi, na mngemkataza zipi?